Mama Mkubwa kaacha chumvi, magadi je?

Shangazi Asha: Nimetumiwa hii: "Presha ni upungufu wa potasiamu tu. Kunywa madafu matatu kila siku, tupa vidonge." Kuna aliyejaribu?

Mjomba: Hizo meseji za kusambaza 😂

Mama Mkubwa: Mimi chumvi nimeacha kabisa na bado nasoma 160 kwa 100. Labda kweli.

Zuhura: Shikamooni. Vidonge msitupe jamani, nawaomba. Mama Mkubwa, jana mlikula nini?

Mama Mkubwa: Marahaba mwanangu. Makande.

Zuhura: Yaliiva upesi?

Mama Mkubwa: Nilitia magadi. Maharage ya siku hizi si unayajua.

Zuhura: Ehee! Magadi yamejaa sodiamu, ile ile iliyomo kwenye chumvi. Ulimi hausikii tu.

Mama Mkubwa: Mlenda bila magadi utakuwa mlenda gani?

Zuhura: Na kiungo cha mchuzi cha pakiti?

Mama Mkubwa: Kile si chumvi, ni kiungo.

Zuhura: Kilambe kikavu uniambie 😅 WHO wanasema chumvi yote ya siku isifike gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, na ya kwenye mkate imo humo humo.

Shangazi Asha: Kwa hiyo potasiamu ni uongo?

Zuhura: Hapana Shangazi, hapo wamepatia nusu, presha si upungufu wa potasiamu tu. Inasaidia figo kutoa sodiamu kwenye mkojo, na mishipa inalegea. Iko kwenye mchicha, ndizi, viazi vitamu, maharage yenyewe. Yalowekwe usiku kucha, magadi ya nini tena? Ila Babu asiguse hayo madafu matatu.

Babu: Mimi nimekosa nini?

Zuhura: Shikamoo Babu. Figo zako hazitoi potasiamu vizuri, na ile losartan, dawa yako ya presha, nayo inaibakiza mwilini. Ikizidi kwenye damu, mapigo ya moyo yanavurugika, hata moyo kusimama. Na ile chumvi ya supamaketi iliyoandikwa sodiamu kidogo usinunue, wamechanganya potasiamu.

Babu: Marahaba. Dafu moja je?

Zuhura: Ukienda kliniki Jumanne waombe wakupime potasiamu, halafu umuulize daktari.

Mama Mkubwa: Sasa makande yaliyobaki nimpe nani?

Mjomba: Niwekee, niko njiani.

Zuhura: Mjomba, wewe presha umepima lini?

Mjomba: Mtandao huku unasumbua