Ua wa zege London: vyungu, haidranjia ya buluu na maji yanayotiririka

Ua_wa_Nyuma
Salaam wakuu. Ua ni mita 4 kwa 5, zege tupu, hakuna pa kuchimba. Ukuta wa kushoto hupata jua kuanzia saa sita mchana hadi jioni, wa kulia ni kivuli karibu siku nzima. Natafuta sura ya bustani ya Kiingereza: lavenda, haidranjia ya buluu (kichaka chenye vichala vikubwa vya maua), kichaka cha boksi (mmea wa majani madogo ya kijani mwaka mzima) kilichokatwa mviringo, na maji yanayotiririka. Vyungu vya udongo vilivyopo vimepasuka wakati wa baridi, na haidranjia iliyonunuliwa ikiwa buluu sasa imetoa maua ya rangi ya waridi. Vyungu viwe na ukubwa gani, udongo upi, na maji yawekwe vipi?

Mboji_na_Kokoto
Tuanze na vyungu. Chungu kilichochomwa kwa moto hafifu hunywa maji. Maji hayo yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9 na kubandua ukuta wa chungu vipande vipande. Kabla ya kununua, kigonge kwa kidole. Kilichoiva hulia kama kengele, kibovu hutoa mlio mfu. Epuka pia vyenye tumbo pana na mdomo mwembamba. Udongo ukiganda hauna pa kupanda, kwa hiyo unasukuma tumbo hadi linapasuka. Kilichopanuka kuelekea juu ni salama zaidi. Kisha kiinue sm 2 hadi 3 kwa vijiguu vitatu ili tundu la chini lisizibwe na zege.

Ukubwa (upana wa mdomo): lavenda sm 30, haidranjia angalau sm 45. Vyungu vitatu vikubwa vinapendeza kuliko kumi na viwili vidogo, na vidogo wakati wa joto hukauka kabla ya jioni.

Vigae vilivyovunjika msiviweke kwenye kitako ndani ya chungu. Maji hayashuki kirahisi kutoka udongo laini kwenda kwenye vipande vikubwa. Hutuama juu ya vigae, yaani karibu zaidi na mizizi. Kipande cha wavu juu ya tundu kinatosha. Lavenda ipewe sehemu 3 za udongo wa John Innes namba 3 (mchanganyiko wa udongo wa vyungu unaouzwa madukani) na sehemu 1 ya changarawe, ikae upande wa jua. Ikatwe mwezi wa nane baada ya kuchanua, lakini usishuke hadi kwenye shina gumu la zamani lisilo na majani, haitachipua tena.

Tindikali
Haidranjia yako haijaharibika, inakunywa maji ya bomba. Maji ya London yana chokaa nyingi, na chokaa huifungia mizizi aluminiamu, ambayo ndiyo huleta ubuluu. Panda upya kwenye udongo wa mimea ipendayo tindikali, pH (kipimo cha tindikali) chini ya 5.5, umwagilie maji ya mvua kutoka pipa lililounganishwa na mfereji wa paa. Aluminiamu salfeti huongezwa kwa kipimo cha pakiti tu, kwani ikizidi huunguza mizizi. Rangi itabadilika msimu ujao. Haidranjia nyeupe haigeuki hata ukifanya nini. Haidranjia yako iweke mahali penye jua kidogo; ukuta wa jua la mchana utaikausha.

Kichaka cha boksi singekipanda tena. Viwavi wake wameenea London, na kichaka hubaki matawi matupu ndani ya siku chache. Mti wa yuu, nao wa kijani mwaka mzima, hukatika vizuri kwa umbo lolote na huvumilia kivuli, ila hautaki maji yatuame, na majani na mbegu zake ni sumu, kwa hiyo kama kuna watoto chagua *Ilex crenata* (kichaka kinachofanana na boksi), ingawa matunda yake nayo yasiliwe.

Mmea ukinyauka ghafla ilhali udongo una unyevu, ung'oe uangalie mizizi: funza weupe wenye kichwa cha kahawia ni wa kifukusi cha mizabibu. Nematodi (minyoo midogo sana inayoua funza hao) humwagiliwa mwezi wa nane au wa tisa, kabla udongo haujapoa.

Maji_Hai
Maji bila kuchimba: chombo kikubwa kisichovuja, pampu juu ya tofali moja ili isivute matope, wavu wa chuma juu ya chombo, kisha kokoto juu ya wavu; pampu hupandisha maji, nayo hurudi chini kupitia kokoto. Hakuna maji ya wazi, hivyo mtoto hatumbukii. Upana wa chombo uwe angalau mara mbili ya kimo cha maji yanapoanguka: yakianguka sm 30, upana sm 60. Ukipunguza hapo, upepo utarusha maji nje na pampu itaungua ikiwa kavu. Namba ya lita kwa saa kwenye boksi hupimwa bila kupandisha maji. Soma jedwali la kimo, linaloonyesha lita zinazobaki maji yakipandishwa. Umeme upitie kikata umeme cha miliampea 30 (hukata umeme ukivuja), na soketi ya nje afunge fundi.

Ua_wa_Nyuma
Asanteni. Je, yungiyungi linaweza kuwekwa humohumo?

Maji_Hai
Hapana, linataka maji yaliyotulia na jua kwa muda wa saa sita kila siku. Lipe nusu pipa lake upande wa kushoto. Aina ya 'Pygmaea Helvola' inatosheka na kina cha sm 15 hadi 25. Panga mawe ya ngazi ndani, kalunguyeye akitumbukia apate pa kutokea.