Kikokotoo cha magurudumu na kompyuta ya kwanta: ni ukoo mmoja?

Mwanafunzi wa fizikia: Shikamooni wakubwa. Nimesoma kwamba Blaise Pascal alianza kubuni mashine ya kujumlisha mwaka 1642, akiwa na miaka 19, amsaidie baba yake mahesabu ya kodi kule Rouen, Ufaransa. Je, kompyuta ya kwanta ni mashine ileile iliyoongezewa kasi tu?

Fundi saa: Marahaba, mwanangu. Nimetengeneza saa miaka thelathini, na mashine za hesabu za kuzungusha kwa mkono zimepita mezani kwangu. Ukifungua kifuniko, hesabu unaiona. Gurudumu likitoka tisa kwenda sifuri, kijino kinalisukuma gurudumu la jirani hatua moja. Weka 999, ongeza moja, zungusha taratibu: tak, tak, tak, yanapokezana hadi 1000. Chungulia utakavyo, huharibu kitu.

Kwenye kwanta kuchungulia ndiko kunakoharibu. Kyubiti, yaani kipande kidogo kabisa cha taarifa katika kompyuta ya kwanta, hukaa katika mchanganyiko wa sifuri na moja. Ukiipima inakupa mojawapo, na mchanganyiko umekwisha. Kwa hiyo si suala la kasi. Na wanaosema inajaribu majibu yote kwa mpigo kisha inachagua lililo sahihi wanawapotosha vijana. Mchanganyiko huo huenda kama mawimbi, na kazi ngumu ni kuyapanga mawimbi hayo ili majibu mabaya yafutane kabla hujapima.

Mchangiaji mwingine: Mzee, na makosa je? Gurudumu halikosei?

Fundi saa: Hukosea, jino likilika. Hapo ndipo ninapomheshimu Charles Babbage, mvumbuzi Mwingereza wa karne ya 19. Alisanifu mashine yake ya kukokotoa majedwali ya hesabu ili gurudumu likisimama kati ya tarakimu mbili, mashine nzima ikwame kuliko kutoa jibu la uongo. Michoro ya Mashine ya Tofauti Namba 2 aliimaliza 1849, hakuijenga. Science Museum ya London iliijenga sehemu ya hesabu mwaka 1991, ikafanya kazi.

Kyubiti haikwami. Joto kidogo tu, inavurugika kimyakimya, ndiyo maana chipu nyingi za kwanta hupozwa hadi karibu nyuzi 273 chini ya sifuri. Mwaka 2024 Google walionyesha kwa chipu ya Willow, yenye kyubiti 105, kwamba kyubiti nyingi zikipangwa kulinda taarifa moja, kuongeza idadi yake hupunguza makosa. Niliposoma habari hiyo niliweka bisibisi chini.

Mwanafunzi wa fizikia: Asante sana, mzee. Babu ana mashine ya hivyo stoo, mpini hauzunguki.

Fundi saa: Usiulazimishe! Mafuta ya zamani yameganda. Isafishe kwanza, kisha anza na 999.