Kopo la Nyanya

Kikundi: UKOO WA MZEE SALIM, MAJENGO

*Ijumaa*

Rukia: Asalaam aleikum nyote. Tunapaka rangi chumba cha Nyanya kabla Ramadhani haijaingia. Chini ya kitanda nimekuta kopo la biskuti limefungwa kwa kamba ya katani. Kuna anayelijua?

Rukia: 📷

Swaleh: Waaleikum salaam. Hiyo nyota ni ya polisi ama?

Baba Mkubwa Athmani: Rukia usiisugue na chochote!! Hiyo ni nyota ya Babu ya vita vya Bama. Pembe sita, taji la mfalme katikati. Utepe wake ni wa buluu iliyokolea, na mstari mpana mwekundu katikati, halafu kwenye buluu kuna vijistari vya rangi ya chungwa. Upo?

Rukia: Upo, lakini wekundu wenyewe umegeuka kahawia. Nyuma hakuna jina la mtu.

Baba Mkubwa Athmani: Walizitoa hivyo hivyo bila jina. Ukiipoteza ni ya aliyeiokota.

Bakari: Mimi Burma naijua moja tu, ya nyama, pale karibu na City Stadium 😂

Baba Mkubwa Athmani: Na soko hilo unadhani jina lilipewa na mbuzi?

Bakari: Samahani mzee wangu.

Swaleh: Baba Mkubwa, Bama ndiyo hii Myanmar? Babu alifanya nini huko hasa? Sisi tulisikia tu "alipigana na Mjapani" basi.

Baba Mkubwa Athmani: Ndiyo hiyo. Babu alikuwa Keya. Ni KAR, King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari Waafrika, lakini hapa mtaani hakuna aliyetaja herufi, ilikuwa Keya tu. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, alama yao kichwa cha kifaru. 1943 walipanda meli Kilindini wakapelekwa Ceylon, ndiyo Sri Lanka, wakafundishwa vita vya msituni. Agosti 1944 wakashuka bonde la Kabaw kutokea mji wa Tamu, mvua ya kule ikiwa imechacha. Mjapani alikuwa amepigwa Imphal, upande wa India, anarudi nyuma, na Jenerali Slim, mkuu wa jeshi la Waingereza kule, hakutaka apumzike mpaka kiangazi. Afukuzwe ndani ya mvua hiyo hiyo.

Baba Mkubwa Athmani: Sasa Babu risasi alikuwa hasimulii. Alisimulia matope. Lori likizama hadi madirishani linaachwa, mzigo unapanda kichwani. Chakula kinadondoshwa na ndege kwa miavuli, mawingu yakifunga mnalala na njaa. Ruba mguu mzima, unawachoma na sigara mmoja mmoja. Na kila jioni sajini anapita na vidonge vya manjano vya malaria, anasimama mbele yako mpaka umeze. Watu wakageuka njano ngozi yote. Ndiyo maana mchuzi ukizidi bizari alikuwa anausukuma sahani hiyooo.

Rukia: Kumbe!! Nyanya alikuwa anatwambia ana vidonda vya tumbo.

Shangazi Zena: 🎤 2:41

Rukia: Kwa wasioweza kufungua sauti: Shangazi anasema Baba Mkubwa amesahau kunong'ona. Msituni usiku hakuna kuzungumza wala kukohoa. Babu amerudi Majengo, ameoa, ana watoto, na kikohozi kikimshika usiku anaziba mdomo na kofia. Mpaka miaka ya sabini jamani. Anasema yeye akiwa mdogo alidhani baba zote hukohoa ndani ya kofia.

Baba Mkubwa Athmani: Kweli dada. Nilikuwa nimesahau kofia.

Swaleh: Na walifika wapi?

Baba Mkubwa Athmani: Novemba walikutana na Wahindi wa divisheni ya 5 pale Kalemyo, hao walikuwa wameteremka milimani kwa njia ya Tiddim. Tarehe 2 Desemba wakaingia Kalewa, ukingoni mwa mto Chindwin. Wakavuka. Wahandisi wakatandika hapo daraja la Bailey, lile la vipande vya chuma vya kuunganisha, la futi zaidi ya elfu moja, lilikuwa refu kuliko yote ya aina yake duniani wakati huo. Nimewaambia hayo shuleni miaka 31 na hakuna mwanafunzi aliyeniuliza swali. Halafu wakaja kupewa kiinua mgongo kwa rangi: Mzungu fungu lake, Mhindi lake, Mwafrika la mwisho. Babu alinunua cherehani.

Bakari: Ile ya Nyanya?

Baba Mkubwa Athmani: Ile ile. Na mdogo wake hata cherehani hakuona. Alibaki huko huko Kabaw, akapigwa na Mjapani. Mungu amrehemu.

Rukia: Subirini. Chini ya nyota kuna karatasi imekunjwa mara nne, mende wamekula pembe. Inasomeka namba, na neno la Kiingereza la kikosi cha mizinga. Jina ni Khamis lakini limeandikwa Kamis.

Baba Mkubwa Athmani: Ni Babu Mdogo huyo. Karani aliandika alivyosikia.

Swaleh: Mizinga? Si ulisema walikuwa pamoja Keya?

Baba Mkubwa Athmani: Walikuwa pamoja.

Swaleh: Rukia nitumie hiyo namba.

*Jumamosi*

Swaleh: Baba Mkubwa naomba usikasirike.

Baba Mkubwa Athmani: Nikasirike kwa nini, sema.

Swaleh: Ile Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola imeweka orodha yake kwenye intaneti, kutafuta ni bure. Niliandika Khamis mpaka nikachoka. Nikajaribu Kamis pamoja na namba ya karatasi, likatoka moja. Kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Amekufa 12 Februari 1944.

Baba Mkubwa Athmani: Haiwezekani. Februari 1944 hakuna Keya aliyekuwa ameingia Kabaw. Nimekwambia ni Agosti.

Swaleh: Ndiyo nasema. Hakufika.

Swaleh: Kulikuwa na meli inaitwa Khedive Ismail. Ilitoka Mombasa mwanzo wa mwezi huo na meli nyingine nne za askari, kwenda Colombo. Karibu na visiwa vya Maldivi nyambizi ya Kijapani, I-27, ikaipiga torpedo mbili. Ilizama kwa kama dakika mbili. Walikufa zaidi ya watu 1,200, wengi wao wa rejimenti ya 301 ya mizinga, na wauguzi wanawake pia walikuwemo. Ilikuwa Jumamosi, mchana.

Bakari: Inna lillahi.

Swaleh: *Ujumbe huu umefutwa*

Baba Mkubwa Athmani: Ahsante kwa kufuta. Mambo mengine si ya hapa.

Shangazi Zena: 🎤 0:19

Rukia: Shangazi anasema: "Swaleh umefuta nini? Mimi nina miaka 77, nimezika mume na watoto wawili. Sema."

Swaleh: Shangazi, kuna waliotoka kwenye meli wakawa wanaogelea. Ile nyambizi ikajificha chini yao. Manowari za Waingereza zikaangusha mabomu ya majini hapo hapo walipo watu, kwa sababu bila hivyo ingepiga zile meli nne zilizobaki. Nyambizi ilizamishwa siku hiyo hiyo. Sijui Babu Mdogo alikuwa ndani au nje ya meli. Haijaandikwa.

Shangazi Zena: 🎤 3:05

Rukia: Nimeisikiliza mara mbili. Anasema: "Mke wa Ami hakujua akae eda kuanzia lini. Barua iliposomwa ilisema amekufa vitani, siku haikutajwa, au ilitajwa na msomaji akaipita. Akahesabu kuanzia siku ya barua. Nyanya yangu mzaa baba yeye alikataa kabisa matanga, akasema maiti bila siku ni msafiri. Baba aliporudi kutoka Bama watu wakaona walikuwa wote huko, mmoja amerudi mmoja amebaki, ikawa ndiyo hadithi. Baba hakuikanusha. Labda naye hakujua, au alimwonea mama yake huruma, msitu una kaburi na bahari haina."

Baba Mkubwa Athmani: Mimi nimemtafuta huyu mtu kwenye picha za ukumbusho wa Rangoon, pale Taukkyan, Bama. Una majina karibu 27,000. Nilikuwa napitia nguzo kwa kioo cha kukuzia.

Baba Mkubwa Athmani: Sasa jina lake liko wapi kama hayuko Taukkyan?

Swaleh: Ngong Road.

Baba Mkubwa Athmani: Ngong Road ipi?

Swaleh: Hii yetu. Makaburi ya vita ya Nairobi. Ndani kuna ukuta unaitwa Ukumbusho wa Afrika Mashariki, wa wasio na kaburi: waliopotea njia ya Ethiopia, Madagaska, na wa meli hiyo.

Bakari: Hapo napita na 111 kila siku nikienda kazini.

*Jumanne*

Rukia: Nimetoka kazini mapema nimepita. Pametulia, nyasi zimekatwa kama zulia, mlinzi akaniuliza natafuta nani nikasema babu yangu. Akanionyesha kisanduku chenye kitabu cha majina. Yamepangwa kwa kikosi, kisha cheo, kisha herufi.

Rukia: 📷

Rukia: Mstari wa tisa kutoka chini. KAMIS bila h.

Baba Mkubwa Athmani: Wanaweza kuombwa warekebishe herufi. Nitaandika barua. Kwa Kiingereza cha kueleweka.

Bakari: Mzee utaandika barua ya kurasa sita 😅

Baba Mkubwa Athmani: Saba.

Shangazi Zena: 🎤 0:11

Rukia: Anauliza jina liko juu sana au mkono wake utafika.

Rukia: Liko usawa wa kifua Shangazi. Nimeligusa, herufi zimechimbwa, kidole kinaingia.

Shangazi Zena: 🎤 0:34

Rukia: Anasema twende Jumapili saa nne, kabla ya jua kali. Swaleh abebe yasini. Udi asibebe mtu, pale si kwetu tusije tukafukuzwa. Na Bakari asije na lile gari refu, magoti yake hayapandi.

Bakari: Nitaazima Probox ya jirani.

Shangazi Zena: 👍