Tupeane uzoefu: bustani yako inavukaje kipupwe?

Kamwene wadau. Niko Njombe, nalima mboga kwenye kinyungu, yaani bustani ya bondeni, karibu na kijito. Maharage nilipanda Mei, na kufikia mwisho wa Juni yalikuwa yanatoa maua. Siku moja nimeamka saa kumi na mbili asubuhi, nakuta bonde zima jeupe kama limenyunyiziwa unga. Nikashika jani moja, likavunjika kama kaukau. Jua lilipochanganya saa nne, majani yakalegea yakawa ya kijani cheusi, kama mboga iliyopitiliza jikoni. Siku ya tatu yalikuwa makavu.

Kabichi na karoti za tuta la pembeni hazikupata kitu. Na jirani yangu, shamba lake liko juu kidogo tu kwenye mteremko, maharage yake yamesimama vilevile! Hilo ndilo limeniuma na ndilo lililonileta hapa. Mwenzangu uliyewahi kupigwa na barafu, ulifanyaje? Tuelezane.

Mdau wa Makete:
Pole sana dada. Baridi inatiririka kama maji. Usiku usio na mawingu wala upepo, ardhi inapoa haraka, na hewa ya baridi kwa kuwa ni nzito inateremka na kutuama bondeni. Kinyungu chako ndilo bwawa lake. Huku kwetu, ukipanda kuelekea Kitulo unavuka mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hili tumelijua kwa kulipa. Bondeni naweka kabichi, njegere, karoti na vitunguu saumu. Maharage na viazi nimevipandisha mteremkoni. Jioni ukiona mbingu safi, nyota zinawaka na hata jani halitikisiki, usilale hujafunika.

Mama wa Mufindi:
Mdogo wangu, kufunika nako kuna namna yake. Mwaka wa kwanza nililaza nailoni moja kwa moja juu ya miche ya nyanya. Asubuhi kila jani lililogusana na nailoni limeungua, la chini yake zima. Sasa nachomeka fito za mianzi, natandaza nyasi kavu juu yake, zisiguse mche. Funika jua likiwa linazama, udongo bado una joto. Saa tatu asubuhi funua, kwa sababu ukiacha mchana kutwa majani yanatoka jasho na ukungu unaingia. Nyanya zangu nyingi zimekufa kwa ukungu kuliko kwa barafu yenyewe. Maji namwagilia asubuhi. Udongo wenye unyevu unatunza joto la mchana kuliko udongo mkavu.

Mdau wa Kinangop, Kenya:
Kwetu Julai ni baridi tupu na manyunyu, lakini mawingu yanatufunika kama blanketi. Sakitu, ndiyo hiyo barafu yenu, hutupiga zaidi Januari na Februari, mchana jua kali, usiku mbingu wazi. Kosa langu lilikuwa kukata majani ya viazi yaliyoungua siku iyo hiyo. Vikachipua haraka, sakitu ikarudi, ikamaliza machipukizi yote. Siku hizi nayaacha yalivyo mpaka baridi ipite. Yale makavu yanakinga shina, na kiazi chenyewe huchipua upya kutoka chini.

Mdau aliyeko Minnesota:
Huku ardhi inaganda ikawa kama saruji, ila kitunguu saumu kinataka hivyo hivyo. Natia punje udongoni Oktoba, nafunika kwa majani makavu unene wa kiganja. Theluji ikianguka juu yake siigusi, inakinga. Navuna Julai.

Mleta mada:
Asanteni sana. Mdau wa Makete, maneno yako ya bwawa yamenikaa kichwani. Jana jioni upepo umetulia, nikaenda mpakani kwa jirani nikawasha majani mabichi ili yatoe moshi. Ukashuka taratibu ukiambaa na mteremko, ukafika kwenye matuta yangu ya maharage, ukatulia pale pale, usawa wa magoti. Nilisimama ndani yake mpaka giza likaingia. Upande wa kabichi umepita mwembamba tu. Mbegu za viazi nilizokuwa nimeziandaa kwa ajili ya bondeni nimeshazipandisha juu leo asubuhi, na fito za mianzi nakata kesho. Mama wa Mufindi, hizo fito unaziacha urefu gani kutoka juu ya mche?