Mrejesho: Visikizio vya Bluetooth vilivyokuwa vikisikika upande mmoja

Ndugu zangu, nawashukuru kwa ushauri mlionipa nilipouliza kuhusu visikizio vyangu visivyo na waya, ambavyo cha kulia kilikuwa kimya ilhali cha kushoto kikisikika vizuri. Sasa vyote viwili vinafanya kazi.

Nilianza na simu, kama mlivyoelekeza. Mizani ya sauti, yaani mpangilio wa simu unaogawa sauti kati ya kulia na kushoto, ilikuwa katikati, na hata nilipowasha sauti ya mono, ambayo huchanganya sauti za kulia na kushoto na kuzipeleka sawasawa pande zote, hakuna kilichobadilika. Kilichonifungua macho ni swali la yule aliyetaka kujua kama taa ya kisikizio cha kulia huwaka kinaporudishwa kwenye kikasha cha kuchajia. Haikuwaka. Pini za kuchajia zilikuwa zimefunikwa na utando wa vumbi na jasho, jambo lisiloshangaza kwa anayetembea kwa miguu hapa Moshi wakati wa kiangazi, hivyo kisikizio hakikuwa kikipata chaji. Nilizisafisha kwa pamba yenye spiriti kidogo, nikaziacha zikauke, kisha nikachaji hadi vikajaa.

Hata hivyo, cha kulia hakikuungana na mwenzake mpaka nilipovifuta kwenye orodha ya Bluetooth ya simu, nikavirudisha katika hali ya kiwandani kwa kushikilia kitufe cha kikasha, na kuviunganisha upya. Fundi mmoja karibu na stendi alikuwa ameshanishauri ninunue vipya. Sidhani kama hata alifungua kikasha.