Eti Ngannou "hayupo"! Hayupo wapi?

Mtu_wa_Keko (mleta uzi)
Wakuu, naandika nikiwa natetemeka. Nimetoka kumsikiliza yule bwana wa kipindi cha michezo cha jioni. Simtaji, mnamjua wote, yule anayecheka kabla hajamaliza sentensi. Msikilizaji kapiga simu, kauliza kwa adabu zake zote: Francis Ngannou yuko nafasi ya ngapi uzito wa juu? Bwana kafungua orodha ya viwango ya UFC, ile kampuni kubwa ya mapigano mchanganyiko (MMA), kasoma jina moja moja mpaka la kumi na tano, kisha katamka: "Hayupo." Na kicheko juu yake. Nimepiga yowe, majirani wametoka na mapanga wakidhani tumevamiwa.

HAYUPO! Mtu aliyemzimisha Stipe Miocic raundi ya pili Machi 2021! Mtu aliyepanda ulingoni Januari 2022 na goti bovu, akamshika Ciryl Gane, akambwaga chini na kutetea mkanda wake! Hajawahi kunyang'anywa ule mkanda kwa kipigo. Januari 2023 mkataba ulimshinda akaondoka, na siku alipoondoka wakamfuta. Hiyo orodha inahesabu waajiriwa wa UFC peke yao. Ni sawa na kumfuta mtoto kwenye daftari la shule kwa kuwa kahamia shule nyingine, halafu ukatangaza redioni kwamba hajui kusoma.

Na wanaoipanga ni nani? Jopo la waandishi wa habari, tangu 2013, wanapiga kura baada ya mapambano. Vyombo vingi vikubwa vya habari za mchezo huu vilikataa kabisa kushiriki, kwa sababu orodha ni ya promota na wapiganaji ni wa promota. Waliobaki ndio hao wanaotupangia dunia. Bwana wetu anaisoma kama msahafu, anafika mwisho, "hayupo", anacheka. Anacheka nini?

KobeMzee
Nipo paleee nimekaa na karanga zangu.

Chuma_cha_Mgodi
Mkuu pole, lakini Ngannou si alienda kulazwa na Anthony Joshua raundi ya pili? Machi 2024, Riyadh. Unalilia mtu aliyelala?

Mtu_wa_Keko
Chuma, ile ni NDONDI. Na kwa kuwa umeitaja: pambano lake la kwanza kabisa la ndondi, Oktoba 2023, alimwangusha Tyson Fury raundi ya tatu. Akapoteza kwa pointi, majaji wenyewe wamegawanyika. WBC, baraza la ndondi la dunia, wakampa namba 10 duniani. Umesikia? Watu wa mchezo usio wake walimpa namba kwa pambano moja tena ALILOPOTEZA. Watu wa mchezo wake, aliotoka akiwa bingwa, wanasema hayupo. Kisha mtu analipwa mshahara akae kwenye maiki acheke!

Bi_Mkora
Sasa kaka, mchambuzi kasoma kilichoandikwa. Ulitaka amchomeke kwa kalamu?

Mtu_wa_Keko
Nilitaka aseme "hii ni orodha ya UFC, Ngannou alihamia PFL, kampuni nyingine ya MMA, Oktoba 2024 kamtandika Renan Ferreira mwenye zaidi ya mita mbili raundi ya kwanza." Sentensi moja! Pumzi aliyotumia kucheka ingetosha sentensi nne.

Dodoma_Kwetu
Mleta uzi ana hoja, ila jopo ni bovu hata kwa waliomo. Belal Muhammad, mpiganaji wa UFC uzito wa welter, alikaa miaka bila kupoteza, akamtandika Gilbert Burns Mei 2023, akaambiwa zamu yako inafuata. Desemba nafasi ya mkanda akapewa Colby Covington, ambaye alikuwa hajapigana tangu Machi 2022! Belal akasubiri mpaka Julai 2024 ndipo akamvua Leon Edwards ubingwa, Manchester. Namba zinasaidia nini kama promota anachagua anayemtaka?

Chuma_cha_Mgodi
Promota mwenyewe hawataki hao waandishi. Dana White, bosi wa UFC, 2024 aliwafokea waandishi kwa kumweka Islam Makhachev juu ya Jon Jones kwenye orodha ya bora bila kujali uzito. 2025 wakaingia ushirikiano na Meta, wakasema watatengeneza mfumo mpya wa viwango.

Bi_Mkora
Kwa hiyo Ngannou sasa atafutwa na kompyuta. Maendeleo.

Mtu_wa_Keko
Dada, cheka tu. Yule mtoto alichimba mchanga kule Batié, Kamerun, akavuka Sahara, akalala nje Paris. Mnajua uzito wa neno "hayupo" kwa mtu wa namna hiyo? Na lilivyotamkwa? Ha-yu-po. Halafu kile kicheko.

KobeMzee
Mkuu kunywa maji kwanza.

Mzaramo_Halisi
Mnalia na Ngannou wakati vijana wetu wa ngumi hakuna anayewapanga. Mwakinyo Septemba 2018 alimsimamisha Sam Eggington raundi ya pili, Birmingham, nyumbani kwa mtu! BoxRec, tovuti ya rekodi za ndondi, wakampandisha kwa kasi, na ile inapangwa na mahesabu, haina jopo. Hapa kwetu watu wakabaki kubishana kama namba ni ya kweli. Tujadili hilo.

Dodoma_Kwetu
Mahesabu nayo yana mambo. Unaletewa dereva wa bodaboda umpige, rekodi inapendeza.

Mzaramo_Halisi
Eggington dereva wa bodaboda? Acha dharau.

Dodoma_Kwetu
Sijasema Eggington. Nasema mapambano ya ukumbi wa harusi yale.

Mama_Kunguru
Nyie mnagombania namba, mimi nalipia kifurushi kizima nione pambano saa kumi na moja alfajiri Jumapili, raundi ya kwanza tu kisimbuzi kinaandika hakuna mawimbi. Mwezi jana umeme ulikata kabisa. Hao mbona hamwafungulii uzi?

Chuma_cha_Mgodi
Mama Kunguru umenigusa. Ukiwapigia wanakuambia zima uwashe.

Bi_Mkora
Zima, hesabu mpaka thelathini, washa. Nimeshahesabu mpaka pambano likaisha.

Mtu_wa_Keko
Wakuu turudi kwenye mada. Kesho nampigia palepale hewani.

KobeMzee
Mama Kunguru, hilo si la kisimbuzi, dishi limehama na upepo. Uko maeneo gani?

Mama_Kunguru
Mbagala Rangi Tatu. Una fundi?

KobeMzee
Ninaye, njoo PM. Ila usimlipe kabla hajapanda juu.