Kununua gari Arusha: mtu wa Instagram, yadi, kuagiza Japani au mkononi?

Mwalimu wa Njiro
Wakuu, habari za jioni. Nina milioni 18 na nusu, natafuta Toyota Rumion ya cc 1500. Nakaa Njiro na wikiendi nyingi napanda Machame kwa wazee. Kile kipande cha juu mvua ikinyesha mnakijua.

Hapa mjini kuna kijana ana wafuasi wengi sana Instagram na TikTok, anajiita mtetezi wa mnunuzi. Unamlipa laki nne, anawapigia yadi simu mbele ya kamera na kubishana nao mpaka bei ishuke. Shemeji yangu anamwamini kuliko mchungaji wake. Mimi roho inasita. Njia nyingine ninazoziona ni kwenda yadi mwenyewe, kuagiza Japani, au kununua mkononi, maana kuna mtu Moshi, maeneo ya Soweto, anauza ya kwake namba D (herufi ya usajili) kwa milioni 15. Waliopita huku naomba mnilinganishie.

Kijenge Juu
Mkuu, kabla ya yote jiulize huyo kijana analipwa na nani. Laki nne yako ni sehemu tu. Yadi nyingi zina desturi ya kumtoa, yaani kumpa chake, aliyeleta mteja. Dalali wa kawaida hakufichi, unajua kabisa ameshaweka cha juu. Huyu wa kamera anakula cha juu kilekile, ila yeye anakiita utetezi.

Nikupe mfano. Juzi juzi alirusha video ya Rumion nyeupe, "ilikuwa milioni 20, nimewabana hadi 18 na laki mbili", watu huko chini wakamwaga maua. Sasa hilo gari lina mkwaruzo kwenye bampa la nyuma kulia, na kioo cha mbele bado kina ile stika ya duara ya Kijapani imebanduka nusu. Ingia ukurasa wa yadi yenyewe, shuka kwenye picha za nyuma. Gari lilelile, mkwaruzo uleule, stika ileile, na wameandika 17.8, maongezi yapo. Hiyo 20 ilitoka wapi?

Binti Sanawari
Natofautiana na wewe kidogo, kaka. Mwanamke ukiingia yadi peke yako bei inapanda kabla hujakaa kwenye kiti. Nilimtumia dada mmoja wa Moshi anayefanya kazi hiyohiyo. Sijui aliniokolea shilingi ngapi na sijawahi kumuuliza. Ila alisimamia TRA, mamlaka ya mapato, mpaka kadi ya gari ikatoka na jina langu, akawakatalia yadi walipotaka kunipa risiti ya mkono badala ya ile ya mashine ya EFD. Laki tatu nililipia kutosumbuliwa.

Kijenge Juu
Hapo sina ubishi, dada. Anayeuza kazi ya kukuhangaikia namwelewa. Ninayemkataa ni anayeuza namba ya "nimekuokolea" ambayo hakuna anayeweza kuihakiki.

Mmarangu Ughaibuni
Naongezea hapo kwenye kuhakiki, maana hii biashara wanaoiga huko wameitoa huku nilipo, Marekani. Huku ilianza na magari mapya. Kwa sheria ya mwaka 1958, gari jipya linawekwa karatasi kwenye kioo yenye bei iliyopendekezwa na kiwanda, pamoja na vikorombwezo vyote na bei zake. Kwa hiyo mtu wa mtandaoni anaweza kuzipigia shoromu tano kuulizia gari lilelile, toleo lilelile, na punguzo lake unalipima na ile karatasi. Wengine wanatoza mamia ya dola, wengine hadi elfu moja, na bado watu wanawashuku. Wanarusha zile simu walizoshinda tu. Halafu bei ikishashuka, muuzaji anairudishia mlango wa nyuma: ada ya makaratasi, dawa ya kukinga rangi, riba ya mkopo. Serikali huku inamtaka mtangazaji aseme wazi kama analipwa na anayemsifia, na hata hivyo wapo wanaokwepa.

Sasa hamishia hiyo Arusha. Rumion mbili za mwaka mmoja zinaweza kupishana milioni tatu na zote zikawa na haki ya bei yake. Moja ina kilomita elfu 60 za kweli, nyingine dashibodi imerudishwa nyuma. Hakuna karatasi kwenye kioo. Bei ya kuanzia ni maneno, na anayeyatamka ndiye anayelipwa maneno yakishuka.

Magari 027
Nasoma huku nacheka. Mimi nafanya hii kazi, si huyo mnayemsema, ni mwingine. Tusidanganyane, yadi inatoa. Inatoa kwangu, inatoa kwa dalali, inatoa hata kwa mlinzi akileta mtu. Lakini mnataka nini? Mteja ananipigia saa nne usiku, namtafutia gari wiki nzima, namzungusha Sakina, Kwa Mrombo mpaka Moshi, mwisho anakwenda kulipia mwenyewe kimyakimya ili asinipe changu. Yadi ikinipa, angalau watoto wanakula.

Kijenge Juu
Mkuu, sikulaumu kulipwa. Andika hivyo kwenye video, basi: "Yadi hii inanilipa." Utaweza?

Mzee wa Holili
Vijana acheni kumshambulia, amesema ukweli kuliko wengi.

Mwalimu, mimi nimefanya kazi za forodha miaka mingi, nikueleze kuagiza, maana watu wanadanganywa na bei za kwenye tovuti za Japani. Ile FOB ni gari likiwa bandarini kwao. CIF ni pamoja na meli na bima hadi Dar. Kodi bado. Ushuru wa forodha asilimia 25. Ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa injini iliyozidi cc 1000 hadi 2000. Halafu kuna uchakavu: likiwa na miaka 8 hadi 10 tangu litengenezwe unaongezewa asilimia 15, likizidi 10 ni 30, na Rumion za bei unayoitaka nyingi zimeshavuka huko. Juu ya jumla yote hiyo ndipo inapigwa VAT ya 18. Weka na tozo ndogondogo, utakuta kodi inalingana na thamani ya gari lenyewe. Na thamani hiyo ni ya TRA, si ya ankara yako. Wana kikokotoo kwenye tovuti yao: unaweka aina, mwaka na cc, kinakupa jibu bure. Wenzetu wa Kenya ng'ambo ya mpaka hapa wamezuia kabisa kuingiza magari yaliyozidi miaka 8. Sisi tunaruhusiwa ila uzee tunaulipia.

Faida yake ni karatasi ya mnada, ile inayoonyesha hali ya gari lilipouzwa mnadani Japani. Omba, usione haya. Gradi 4 au 4.5 ni gari la kueleweka. Ukiona R au RA, lilishagongwa likatengenezwa, na hapo bei nzuri ina sababu. Yadi wengi wanayo hiyo karatasi kabatini. Wasiotaka kukuonyesha wameshakujibu.

Mwalimu wa Njiro
Mzee shikamoo, na asante sana. Nimeweka ya 2009 kwenye kikokotoo, nikajumlisha meli, wakala na mafuta ya kutoka Dar. Inagusa 18 na kidogo, halafu ni kusubiri meli. Kwa hiyo yadi hawaniibii kama nilivyodhani.

Mzee wa Holili
Marahaba. Hawakuibii kwenye bei. Wanakuibia kwenye hali ya gari, na huko yule kijana wa simu hafiki.

Binti Sanawari
Na hiyo ya Soweto ya milioni 15 mbona hamuisemi? Mwalimu, kama mwenyewe ana kadi halisi, na jina ni lake na si la marehemu baba yake, mimi ningeanzia hapo. Ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa trafiki uone faini. Ukiona jina la benki kwenye kadi, ujue kuna mkopo, usitoe hata mia. Mkikubaliana, mwende TRA wote wawili na TIN zenu, ulipe kwa kontrol namba. Asikwambie "kadi nitakuletea".

Fundi wa Sakina
Nimechelewa, nilikuwa chini ya gari. Mwalimu, ukiwa na laki nne ya kumpa mtu wa simu, mpe fundi elfu hamsini, inayobaki weka tairi.

Kwa Rumion fungua buti, nyanyua kapeti, toa spea tairi. Lile shimo lake kiwandani linatoka na alama za kulehemu za nukta nukta, zimepangana sawa. Ukikuta mkunjo, puti, au rangi laini kuliko pembeni, liligongwa nyuma. Nenda mbele, angalia boliti za boneti na za mabawa. Kiwanda hakikwaruzi vichwa vya boliti. Kilomita usisome dashibodi, soma mpira wa pedali ya breki na ukingo wa kiti cha dereva upande wa mlango. Gari la kilomita elfu 60 haliwezi kuwa na pedali iliyolika mpaka chuma.

Halafu likiwa limepoa kabisa, liwashe, acha dakika kadhaa, weka D ukiwa umekanyaga breki. Likishtuka kama limepigwa teke, gia boksi ina habari yake. Malizia kwa kupanda nalo mlima, usizunguke nalo lami ya mjini.

Mwalimu wa Njiro
Fundi, Jumamosi naenda Soweto kuliona lile namba D. Unaweza kunisindikiza Moshi? Nauli na chakula juu yangu.

Fundi wa Sakina
Naweza. Mwambie mwenye gari asiliwashe kabla hatujafika. Na usimwambie unakuja na fundi.